Siku Niliyokuwa Eliakimu

Mwalimu Eliakimu alinipa kazi ya kumwiga akiwa mzima kabisa. Alikuwa amesimama mbele ya kioo cha duka langu pale Lisekese, Masasi, mikono ameitanua, na mimi nampima mabega. Bega lake la kushoto lilikuwa chini ya la kulia kwa vidole viwili, kwa sababu ya kubeba mkoba wa vitabu upande mmoja tangu aanze ualimu. Fundi mwingine angemshonea koti la watu wote, limkae kama la kuazima. Mimi nilikata kila bega kwa kipimo chake, na ndiyo maana aliwaacha mafundi wote wa Newala akawa anateremka mpaka Masasi kushona kwangu. Nasema bila aibu, mimi ni fundi mzuri. Anayebisha alete nguo yake tuikague.

"Twahiru," akasema, "nikitangulia mimi, koti hili utalivaa wewe."

"Nitachukua na suruali," nikamwambia. "Kwenu hakuna mwenye kiuno cha maana."

Tulikuwa watani. Yeye Mmakonde wa Newala, mimi Myao wa Masasi, na ukoo wake na wangu wametaniana tangu enzi za mababu, ambao inasemekana walipigana mpaka wakachoka wakaona afadhali wachekane. Kwa asiyetujua huku kusini: mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mchana kweupe mbele ya mkeo, na huna la kufanya. Anaweza kuingia uani kwako akaondoka na jogoo. Na siku ukifa, yeye ndiye anayevaa nguo zako, anatembea mwendo wako, anazungumza kwa sauti yako katikati ya waombolezaji, mpaka aliyekuwa analia acheke, kisha alie vizuri zaidi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya pili baada ya cherehani. Nimeshaiga mlevi, mtendaji wa kijiji, na mama mmoja muuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, aliyekuwa anawasema wateja wake. Hakuna familia iliyowahi kulalamika.

"Lakini mimi usiniige kama unavyoiga wengine," akasema Eliakimu. "Wale unawatia chumvi. Mtu akichechemea kidogo, wewe unamfanya kiwete. Mimi niige sawasawa. Usiongeze, usipunguze."

"Sasa nani atacheka?"

"Labda hakuna. Ni jaribio."

Nikamwahidi, huku nimebana pini mdomoni. Kila kitu kwake kilikuwa jaribio. Alikuwa mwalimu wa fizikia, na kwa miaka kama kumi hivi kichwani mwake lilikaa jambo moja: kwamba huenda dunia hii yote, mikorosho, Ruvuma, nyota, mimi na cherehani yangu, inaendeshwa ndani ya kompyuta. Si kompyuta kama zile za ofisini. Kompyuta ya viumbe tusiowajua, ambao waliandika kanuni chache, wakabonyeza, na dunia ikaanza kwenda yenyewe. Sisi ni hesabu, alisema. Hesabu inayotembea na kuumwa meno.

Mara ya kwanza aliponieleza nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

"Mimi ninaye Mwenyezi Mungu," nikamwambia. "Sina haja na fundi kompyuta."

"Sijasema huna," akajibu. "Nauliza tu alitumia kifaa gani."

Niseme ukweli hapa, maana sasa hawezi kunisikia akavimba kichwa: nilimhusudu mtu yule. Si kwa vyeti vyake. Ni kwa jinsi alivyoweza kukitazama kitu ambacho sisi wengine tumekiona mpaka tumekichoka, akakiona upya. Aliokota bibo chini ya mkorosho, akaligeuza mkononi, akaniita nitoke ndani nije kulitazama. "Ona, ambuje," alisema, maana alipenda kunikejeli kwa heshima za Kiyao. "Embe limeficha mbegu ndani. Papai limeficha ndani. Hili limeining'iniza korosho yake nje, hadharani. Aliyeandika hii alikuwa na utani." Mimi nimezaliwa chini ya mikorosho, nimeibangua, nimeipulizia salfa mpaka nikakohoa manjano, na sikuwahi kufikiri hivyo hata siku moja.

Mwezi wa saba mmoja alinipeleka Shimo la Mungu, pale Newala ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linaanza huko chini, mpaka Msumbiji. Tulikuta ukungu. Mbele yetu hakukuwa na kitu, weupe mtupu, kama kitambaa ambacho hakijatiwa chaki.

"Sasa hivi bonde halipo," akasema.

"Lipo."

"Umejuaje?"

"Nililiona mwaka jana."

Akakohoa mara moja, kama alivyokohoa kila alipotaka kuanza kufundisha. "Tufikiri pamoja. Ungekuwa wewe ndiye mwenye kompyuta, ungehangaika kuchora bonde ambalo hakuna anayelitazama?"

Tulikaa tukisubiri, mimi nikilalamikia baridi na njaa. Ukungu ukafunguka, na bonde likawa pale na mto wake, na mashamba, na moshi mwembamba wa watu wasiojua kwamba tunawatazama. Eliakimu akapiga makofi. Mtu mzima mwenye mvi, mwalimu anayeheshimika, akasimama ukingoni na kupiga makofi.

"Kama yupo aliyeifanya hii," akasema, "apewe likizo. Kazi ameiweza."

Sikumwachia apumue. Siku nyingine, dukani, nikambana: kama sisi ni hesabu, basi si wa kweli, na kama si wa kweli, kwa nini mimi nihangaike kupiga pindo mara mbili? Akaniuliza mteja akileta shati akataka lingine kama lile, nafanyaje. Nikasema nalitazama, nachora, nakata, nashona.

"Hilo la pili ni shati la uongo?"

Shati la pili linasitiri mwili vilevile, na jasho linaloliloanisha ni jasho. Nikamwambia atoke dukani kwangu, anafukuza wateja.

Nyumbani kwake Newala alikuwa na kompyuta kuukuu, na ndani yake aliandika kijiji. Vilikuwa vidoti tu, vyeupe kwenye kioo cheusi. Kila kidoti kilipewa kanuni tatu: ukipata kiu, nenda kisimani; usimkanyage mwenzako; ukishapata maji, rudi nyumbani. Basi. Alivipa majina. Kile cha Twahiru kilizunguka mahali pamoja bila kufika kisimani, naye akaapa kwamba hakukifanyia makusudi. Kile cha mama yake, Isabela, kilishuka na kupanda siku nzima, kwa sababu mama yake alitumia ujana wake wote kushuka bondeni kuchota maji na kupanda tena na ndoo kichwani, wakati huo bomba halijafika kule juu.

"Njoo uone," akaniambia siku moja.

Isabela kilikuwa kimefika kisimani na kupata maji, lakini hakikuondoka. Kilikaa pembeni. Kidoti kingine, kilichoitwa Eliakimu, kilikuwa bado njiani, kinakuja polepole. Kilipofika na kuchota, vyote viwili vikaondoka pamoja.

"Sikuandika hivyo," akasema. "Hakuna mahali nimeandika subiri. Nimepekua mstari kwa mstari. Najua ni zile kanuni tatu tu, zimekutana njiani zikafanya jambo. Lakini tazama, Twahiru."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Mimi nikamwambia programu yake imekwama, mbovu kama baiskeli yake.

Umeme ulipokatika kijiji kilifutika. Ukirudi alikianzisha upya, na kabla ya kubonyeza aliviomba radhi vidoti vyake, kwa sauti, mbele ya wageni. Nikamuuliza kwa kejeli kama vinajua kwamba vilizimwa.

"Sijui," akasema. "Hilo ndilo swali."

Katika walimu wote niliowafahamu, na nimewashonea wengi, ni yeye peke yake ambaye neno hilo lilimtoka kwa raha. Wengine ukiwauliza wasichokijua wanapandisha sauti.

Mama yake aliishi nyumba ya pili, ua mmoja. Macho yake yalikuwa yamekwisha, akawa anamjua mtu kwa sauti na kwa mguu. Kila Eliakimu alipoingia alimuuliza jambo moja: "Umekula?" Na Eliakimu, hata akiwa ametoka kushiba dakika ileile, alijibu, "Nimekula, mama, ila nafasi ipo." Jibu hilo nililiiga mara nyingi kumkera, na yeye akacheka kila mara.

Mwaka huu, mwezi wa saba, moyo wake ulisimama Dodoma alikokwenda kwenye semina ya walimu. Hakuumwa. Alikula chakula cha mchana, akaegemea kiti. Ilikuwa Jumanne. Mkewe, Mama Agnes, alinipigia nikiwa nashona sare za shule, nikamsikiliza, nikaitikia, nikaweka simu chini na kuendelea kukanyaga cherehani. Nilipoinua ile suruali nikakuta nimeshona mguu mmoja ukafungwa chini, hakuna pa kutokea.

Tulimzika Ijumaa. Siku ya mazishi sikumwiga. Watani wengine walifanya vituko vyao, mmoja akalala kaburini akadai ni chumba chake, watu wakacheka. Mimi nilisimama nyuma. Jumamosi asubuhi, saa tatu hivi, ukungu umekaa uani mpaka huoni choo kilipo, Mama Agnes akaniita nyuma ya jiko. Alikuwa ameshika koti la kahawia. Marehemu alikuwa ameagiza kwamba lisizikwe.

"Shemeji," akasema, "mama hajala tangu Jumanne. Uji anaupokea, anaurudisha. Nesi kaja jana, kasema mwili wa umri ule hauna akiba. Siku mbili tatu zaidi, tutazika tena."

"Hasemi kitu?"

"Anasema neno lake la mwisho kwa mwanawe lilikuwa baya. Neno gani, hasemi." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Sasa watu wameanza kuuliza mtani yuko wapi, mbona hafanyi kazi yake. Mimi naogopa. Yule mama haoni. Wewe ukiingia na sauti ile, atadhani ni yeye. Itamuua."

"Basi nitavaa ndoo kichwani, nicheze kidogo kama watani wengine, niondoke."

"Lakini ulimwahidi."

"Nilimwahidi."

Akalitazama koti. "Nimelipiga pasi," akasema. "Nimeamka alfajiri nikalipiga pasi, hata sijui kwa nini." Halafu akanikabidhi. "Ukiamua kufanya, shemeji, usimfanyie nusu."

Mimi nina kichwa kigumu, mama yangu alinisema kwa hilo mpaka anaingia kaburini. Nilisimama pale nyuma ya jiko nikijiambia kwamba naenda kuvaa ndoo. Kisha nikavaa koti. Na koti nililolishona kwa mkono wangu mwenyewe likanifanyia jambo ambalo sikulitegemea: bega la kushoto, kwa vile lilikatwa chini, likanivuta na langu likashuka. Mkono wangu ukaenda wenyewe kutafuta mkanda wa mkoba usiokuwepo. Mguu wa kulia ukageuka nje kidogo. Nikakohoa mara moja, nikatokea uani.

Watu waliokuwa kwenye mikeka walianza kucheka, kama ilivyo desturi. "Mwalimu huyo!" mmoja akapiga kelele. Lakini kicheko hakikufika mbali. Nilikuwa sijawapa cha kuchekea. Sikuongeza, sikupunguza. Nilitembea kama alivyotembea akitoka shule amechoka, nikapita katikati yao, na nyuso nilizozipita zikaacha kucheka moja baada ya nyingine. Mzee mmoja akavua kofia.

Mama Eliakimu alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na ukuta, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Kando yake palikuwa na kikombe cha uji kimefunikwa kwa sahani. Alikuwa amesinyaa kuliko nilivyomwacha mara ya mwisho.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Uso wake ukainuka. Mtoto aliyekuwa analia kwenye mkeka wa wanawake akanyamazishwa.

"Marahaba," akasema. Kisha, taratibu, "Eliakimu?"

"Naam, mama."

"Umekula?"

"Nimekula, mama, ila nafasi ipo."

Nilisikia mwanamke akiguna nyuma yangu kama amechomwa. Mama Agnes alikuwa amesimama mlangoni, viganja vyote viwili mdomoni. Mtani mwenye akili angevua koti hapohapo. Angepiga magoti aseme, ni mimi Twahiru, mama, nisamehe ujinga wangu. Nilifungua mdomo kusema hivyohivyo, lakini yeye akaniwahi.

"Kaa," akasema, akipapasa mkeka. Nikakaa. "Siku ile kwenye simu ulikuwa unanieleza mambo yako ya kompyuta. Nikakwambia niondolee wazimu wako, mimi nina kazi. Nikakata simu. Sikuwa na kazi. Nilikuwa nimekaa hapahapa. Nieleze tena, mwanangu. Leo nakusikiliza mpaka mwisho."

Jasho lilinitoka kwenye baridi ile. Mambo yale nilikuwa nayajua kwa namna moja tu, namna ya kuyacheka. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, niliwahi kuitoa kwenye harusi ya watu: mabibi na mabwana, mimi ni kidoti, na huyu bibi harusi ni kidoti, tafadhali msizime umeme. Watu walianguka kutoka vitini kwa kucheka. Hotuba hiyo ingeniokoa, uani pangelipuka kwa kicheko na mimi ningeondoka salama. Lakini mama alikuwa amegeuza sikio lake upande wangu na kuinamisha kichwa, na mimi nilikuwa nimeahidi kutoongeza chumvi.

Nikakohoa mara moja.

"Tufikiri pamoja, mama," nikasema. "Mimi nina kompyuta kuukuu pale ndani. Niliandika kijiji humo. Si watu, ni vidoti. Nikaviambia: mkiwa na kiu mfuate maji, msikanyagane, mkipata mrudi nyumbani. Sikuandika kingine. Kidoti kimoja nikakiita kwa jina lako, kwa sababu kilikuwa hakichoki. Kinashuka, kinapanda."

"Bondeni," akasema mama.

"Bondeni. Siku moja nikakiona kimefika kisimani, kimechota, na hakiondoki. Kinamsubiri mwenzake aliyechelewa. Mama, mimi sikuandika kisubiri. Nilipekua kote. Kusubiri kulikuja kwenyewe, kutoka kwenye kiu na njia na maji. Sasa nikafikiri. Kama mimi, mwalimu wa Newala, mwenye mashine mbovu na umeme wa kukatika, nimeandika mistari michache na ndani yake akatokea mtu wa kumsubiri mwenzake, basi aliyeandika haya yote je? Ukungu huu. Korosho iliyoning'inia nje ya tunda lake. Wewe. Kama yupo, na kama alitumia kitu kama kompyuta, basi ni fundi ambaye hata nikiishi miaka elfu siwezi kumaliza kukagua mshono wake."

Hilo la mshono lilikuwa langu, limeniponyoka. Lakini sikujua tena kwa hakika lipi langu na lipi lake. Nilikuwa nimeyabeba maneno ya mtu yule kwa miaka kumi nikidhani nayabeba ili nimcheke, na sasa yalikuwa yanatoka mazima, hakuna lililokosekana, na yalikuwa mazuri. Nilitamani kumwambia hivyo. Uchungu ulinishika pale kwamba sikuwahi kumwambia.

"Na wewe, mama, hupungui kitu," nikaendelea, na sauti yangu ikatetemeka, ingawa ya kwake isingetetemeka. "Hata kama tumo ndani ya hesabu ya mtu. Ndoo ilikuwa nzito. Maji yalikuwa ya baridi. Mimi nilikuwa nyuma yako nalia, nimechoka, na wewe ulisimama ukanisubiri. Hilo lilitokea. Hakuna kompyuta inayoweza kulifanya lisiwe limetokea."

"Ulikuwa unalia kila siku," akasema mama. "Kona ileile. Mtoto mzima wa miaka saba."

Watu wakacheka kidogo, kwa pua. Yeye hakucheka. Alikuwa bado anafikiri, vidole vyake vikisugua ukingo wa mkeka.

"Na umeme ukikatika?" akauliza.

"Kijiji kinafutika, mama."

"Ukirudi?"

"Nakianzisha tena."

"Na huyo Isabela wa humo ndani, anamkuta Eliakimu wake? Yuleyule?"

Mama Agnes alikuwa ananitazama na kichwa chake kinaitikia polepole: sema ndiyo, shemeji, sema ndiyo. Na mimi nilitaka kusema ndiyo. Ni neno jepesi. Wiki nzima wamekuja watu kwenye mkeka ule, wacha Mungu na wasio wacha Mungu, wote wakamhakikishia mama huyu kila kitu, na mimi mwenyewe kwa imani yangu ninacho cha kumjibu. Angeweza kuushika ule uji akanywa. Nani angenilaumu? Lakini aliyeulizwa hakuwa mimi. Na yule aliyeulizwa hakuwahi kumdanganya mtu kwenye swali, hata mtoto wa darasa la kwanza, hata mimi.

"Sijui, mama," nikasema. "Hilo ndilo swali."

Likatoka kwa raha, kama lilivyokuwa linamtoka yeye.

Mama akatoa sauti ambayo sikuielewa, mwili wake wote ukatikisika, nikadhani nimemuua. Kumbe anacheka. Alicheka akipiga goti lake kwa kiganja, machozi yakimshuka, ya kwanza tangu Jumanne.

"Huyo ndiye!" akasema. "Huyo ndiye mwanangu! Wiki nzima wanakuja hapa watu wanajua kila kitu. Kila mmoja anajua!" Kisha kicheko kikageuka, akalia kwa sauti, na wanawake wakasogea wakalia naye, na mimi nikakaa katikati yao na koti la watu, sijui pa kuweka mikono.

Alilia muda mrefu. Alipomaliza akajifuta uso, akapenga kamasi kwenye kanga, akakisukuma kile kikombe pembeni.

"Mama Agnes, uji huu umepoa. Leteni chakula."

Uani pakawa na purukushani, watu watatu wakigombea kubeba sinia moja. Ukaletwa ugali wa muhogo, kisamvu, na ming'oko iliyokuwa imechemshwa kwa ajili ya wageni. Nilimnawisha mikono. Akamega tonge, akachovya, akala. Mama Agnes aliliangalia tonge lile likishuka, na la pili, na la tatu, kisha akaingia ndani haraka na kufunga mlango.

Mama alikula bila haraka. Alipofika katikati ya sinia aliufuta mkono wake, akaunyoosha mpaka ukagusa kifua cha koti, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ukosi, taratibu, kutoka juu hadi kifungo cha kwanza.

"Kazi nzuri hii," akasema. Kisha, kwa sauti ileile, "Twahiru, vua koti hili, utalimwagia mchuzi."

Sikumuuliza amejua tangu lini. Nililivua, nikalikunja na bitana nje kama tunavyofanya dukani, nikaliweka juu ya mapaja yake. Bega langu lilichukua muda kurudi juu. Baridi ya Newala ikanipata kwenye shati.

"Na wewe," akasema, "umekula?"

Tangu nishone ule mguu wa suruali ukafungwa, nilikuwa sijatia kitu tumboni zaidi ya chai. Hakuna aliyeniuliza. Mtani haulizwi, mtani anakuja kuchekesha. Jibu la Eliakimu lilikuwa tayari mdomoni mwangu, nalijua mpaka pumzi yake.

"Sijala, mama," nikasema, kwa sauti yangu.

Akalisukuma sinia upande wangu, akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akautia kwenye ugali.